Mtaro unaotiririka kiangazi: kisa cha majitaka ambayo hayakuwa yanafika bwawani

Mji na bomba lake

Mji ni wa pwani, Tanzania. Jina naliacha, mtaa nauacha, na vyeo vya watu nimevichanganya kidogo ili mtu asianze kunyoosha vidole. Mi nilikuwa upande wa ufuatiliaji, yani wale wanaokuja na chupa za sampuli na fomu, sio wale wanaoshika sururu, na mtaona mbele huko hiyo nayo ilikuwa sehemu ya tatizo.

Mtandao wa majitaka wa huu mji ni wa zamani na ni mdogo, kama miji yetu mingi tu. Mjini kati kumeunganishwa, waliobaki wana karo au choo cha shimo. Bomba kuu la zege linaanzia juu kwenye mahoteli na soko, linashuka bondeni, linafika kituo cha pampu, halafu pampu ndo zinasukuma mzigo kwenda kwenye mabwawa ya kutibu upande wa pili wa mji. Pampu zilitakiwa ziwe 2, moja inapiga kazi nyingine stendibai. Pembeni ya bomba, hatua chache, kuna mtaro wa maji ya mvua unaokwenda moja kwa moja baharini. Huo mtaro ukumbukeni.

Bondeni wanakaa wapangaji wengi, maji ya bomba yanakuja kwa mgao, kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima kifupi cha pete. Ukiuliza, kila mtu atakwambia maji ya kisima sio ya kunywa, ni ya kufulia na kudekia. Ukikaa pale saa moja asubuhi utaona watoto wanapigia mswaki.

Kwenye udhibiti, mamlaka ya maji ilikuwa inasimamiwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, upande wa huduma na bei, NEMC, baraza la mazingira la taifa, lilikuwa upande wa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na bodi ya maji ya bonde ilikuwa inahusika na vibali vya kumwaga majitaka kwenye vyanzo vya maji. Kiwango tulichokuwa tunatumia ni kile cha taifa cha majitaka, TZS 860 ya 2005 (TZS hapa sio shilingi, ni viwango vya Tanzania), ambacho kilisema majitaka yakitoka yawe na BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita na COD isiyozidi 60. Kwa asiyejua, BOD ni ile oksijeni ambayo vijidudu vinaitumia kula uchafu ndani ya siku 5, ikiwa kubwa maana yake uchafu bado upo, na COD ni oksijeni inayohitajika kuumaliza uchafu kwa kemikali. Sasa sampuli tulikuwa tunaichukulia wapi? Kwenye mlango wa kutokea wa bwawa la mwisho. Kila robo mwaka, palepale, chupa ileile, na majibu yalikuwa mazuri. Tena yalikuwa yanazidi kuwa mazuri mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwanini.

Malalamiko matatu, jibu moja

Kiangazi, mvua ina miezi haijaonekana, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaandika barua kwamba mtaro unatiririka na unanuka. Mamlaka wakaja na gari la presha, wakazibua chemba mbili, wakaondoka. Kwenye daftari ikaandikwa "imetatuliwa". Wiki 3 baadaye mwenyekiti akapiga simu, wakaja, wakazibua, "imetatuliwa". Mara ya tatu hakupiga simu wala kuandika, alikuja mwenyewe ofisini kwetu na ndoo.

Kwenye ndoo kulikuwa na maji ya kisima cha mama mmoja jirani yake. Akaitikisa mbele yetu, maji yakatoa povu. Akasema, "Huyu mama analalamika maji yanatoa povu kabla hajatia sabuni, sasa nyie wataalamu mniambie hiyo sabuni nani katia." Tulicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana sabuni kwenye kisima inamaanisha maji ya bafu na ya kufulia ya mtu mwingine yameingia humo, na yakiingia hayo basi ya chooni hayako mbali.

Tulichukua sampuli kwenye visima 6. Maji ya kunywa yanatakiwa yasiwe na E. koli, kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi, hata mmoja kwenye mililita 100. Sahani zetu za maabara zilirudi zimejaa madoa mpaka fundi wa maabara akaandika "hazihesabiki", sahani zote 6. Na nitrati, ile inayotokana na mkojo na kinyesi vikioza, ilikuwa juu ya miligramu 50 kwa lita, ile ambayo WHO wameiweka kama mwisho, kwenye visima vinne.

Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam kilisambaa nchi nzima, na kila afisa afya anaukumbuka ule mwaka kwa jina, kwa hiyo majibu yale yalipofika kwa afisa afya wa kata mambo yakaanza kwenda haraka. Haraka kuliko akili, kama kawaida.

Nani kamwaga?

Kikao cha kwanza kilikuwa na pande mbili. Injinia wa majitaka wa mamlaka alisema wazi: hawa wa bondeni wanatapisha vyoo, mtu shimo lake likijaa anatoboa usiku anaachia mtaroni, tunawajua. Na kweli, kutapisha kupo, mvua kubwa ikinyesha watu wanatapisha na harufu unaisikia, kwa hiyo hakuwa anatunga. Mwenyekiti akasema, "Injinia, kutapisha ni msimu wa mvua, mvua ndo inaficha. Kiangazi mtu atapishe kila siku, ana choo gani hicho kisichokauka?" Afisa afya alikuwa ameshaandaa orodha ya nyumba za kupigwa faini.

Uamuzi wa kwanza wa maana kwenye kisa hiki ulikuwa kutoitumia ile orodha. Sio kwamba tulikuwa na huruma sana, ni kwamba hatukuwa na ushahidi wa nyumba hata moja, na ukishampiga mtu faini halafu ikaja kuonekana bomba ni lako, huo mtaa hautakusikiliza tena miaka 10. Tukaomba wiki 2.

Vifaa tulivyokuwa navyo: ndoo ya lita 20, kipande cha bati, simu ya kuhesabia sekunde, na vile vikaratasi vya kupimia amonia na klorini. Pale mtaro unapodondokea kwenye kalvati tuliliweka bati kama mdomo wa birika ili maji yote yaingie kwenye ndoo. Saa moja asubuhi ndoo ilijaa kwa sekunde 9. Saa nane mchana, sekunde 20 na kitu. Tukarudi saa tisa usiku, mi na kijana mmoja wa mamlaka na mlinzi wa shule ya jirani ambaye alidhani tumekuja kuiba bati, ndoo ikachukua zaidi ya dakika nzima.

Hiyo peke yake ilitosha kuondoa nusu ya maneno ya kikao. Kama yangekuwa maji ya chemchemi au ya ardhini, yasingejua mchana na usiku. Kama ni bomba la maji safi limepasuka, usiku ndo yangeongezeka maana presha inapanda watu wakilala, na kikaratasi cha klorini kingebadilika rangi japo kidogo, na hakikubadilika. Mtaro huu ulikuwa unalala na kuamka na watu. Na sekunde 9 kwa lita 20 ni kama lita 8,000 kwa saa, karibu gari zima la kunyonya majitaka kila lisaa la asubuhi, hakuna nyumba 5 za kupanga zinazotapisha hivo.

Maji ya Yanga

Tukaagiza rangi, fluoresini. Ni unga, ukiwa mkavu una rangi ya kutu kutu hivi, ukigusa maji yanakuwa kijani cha kung'aa, na kiasi kidogo kinatosha sana. Mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba siku moja kabla kuwaambia watu kesho mtaona rangi msiogope. Hilo tulilifanya vizuri, nalisema kwa sababu mengine hatukuyafanya vizuri.

Saa nne asubuhi tukamwaga rangi kwenye chemba ya juu kabisa, karibu na mahoteli. Watu tukawaweka kwenye chemba za katikati na kwenye mtaro. Hakuna aliyeingia ndani ya chemba, na hili nalikazia, ile gesi ya mayai viza ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia kabisa, mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndo anakufa. Kifuniko kinafunguliwa, unasimama upande upepo unapotokea, unaangalia kwa juu, basi.

Rangi ikapita chemba moja baada ya nyingine vizuri kabisa, mpaka chemba ya mwisho kabla ya kituo cha pampu. Pale maji yalikuwa yamesimama, yamejaa karibu na shingo ya chemba, rangi ikawa inazunguka tu polepole kama chai inayokorogwa. Halafu watoto wakaanza kupiga kelele mtaroni: "Yanga! Yanga!" Mtaro mzima umekuwa kijani.

Tukafuata kelele. Kwenye ukuta wa mtaro, nyuma ya majani, kulikuwa na bomba la plastiki la inchi 6, limekatwa sawasawa, limejengewa kwa saruji vizuri, linatema kijani. Sio kazi ya mwizi ile. Mwizi hapigi lipu.

Ya muda

Injinia alilitazama lile bomba muda mrefu, akafungua ramani, halipo. Akampigia fundi mmoja mkongwe aliyekuwa amebakiza miezi kadhaa astaafu. Mzee akaja na pikipiki, tukamwamkia, akaangalia, na wala hakuzunguka. "Hili tuliweka sisi."

Alivyoeleza ni hivi. Miaka ya nyuma pampu moja iliungua, ikabaki moja. Moja haikuwa inaweza mzigo wa asubuhi, kwa hiyo chemba ya mwisho ikawa inafurika barabarani. Kulikuwa na ugeni mkubwa unapita ile barabara. Wakaambiwa majitaka yasionekane juu ya lami, basi. Wakatoboa ukuta wa chemba upande wa juu, wakapitisha bomba mpaka mtaroni, ili maji yakifika kina fulani yatoroke kabla hayajafika barabarani. Ilikuwa ya muda, mpaka pampu ije. Pampu haikuja, ugeni ukapita, bomba likabaki. "Na tangu siku ile," mzee akasema, "barabara haijawahi kufurika, bosi. Malalamiko yaliisha."

Hapo ndipo kwangu kisa kizima kilipo. Mamlaka ilikuwa inapimwa kwa idadi ya chemba zinazofurika na muda wa kujibu malalamiko, na kwa kipimo hicho lile bomba lilikuwa ni suluhisho, tena zuri. Na sisi wa ufuatiliaji tulikuwa tunapima ubora wa maji yanayotoka bwawani, na kwa kipimo chetu nacho lile bomba lilikuwa linasaidia! Maana mzigo ukipungua, maji yanakaa bwawani siku nyingi zaidi, yanapata jua na muda wa kusafika, BOD inashuka. Ndo maana majibu yetu yalikuwa yanapendeza kila mwaka. Uchafu ambao haujafika kwenye mlango wa bwawa haupimwi na mtu yeyote.

Jioni hiyo tulifanya hesabu ambayo tungeweza kuifanya siku yoyote ndani ya hiyo miaka, ukichukua maji yaliyouzwa kwa wateja waliounganishwa na majitaka, ukakadiria kwamba kama asilimia 80 yanarudi kwenye bomba la majitaka, ambayo ni makadirio wanayotumia mainjinia kwenye usanifu, halafu ukalinganisha na kinachopimwa kwenye mfereji wa kuingilia bwawani, inapatikana tofauti. Kwetu kilichofika hakikuwa hata nusu. Karatasi za mauzo zilikuwa idara moja, karatasi za bwawa idara nyingine, ghorofa moja juu.

Kosa letu la Alhamisi

Watu wa mtaa walitaka bomba lifungwe siku hiyo hiyo. Sisi pia. Mi binafsi ndo niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba sheria iko wazi, huwezi kuona majitaka ghafi yanaenda baharini ukasema subiri. Injinia akasema ukifunga juu bila pampu ya pili mzigo utatafuta pengine pa kutokea. Nikamwona anachelewesha. Alhamisi asubuhi tukaziba kwa viroba vya mchanga, tukapiga picha, tukatuma.

Saa kumi na mbili jioni watu wanarudi kazini wanaoga, nyumba mbili za chini kabisa, za vyumba vya kupanga, majitaka yakapanda kupitia tundu la bafuni. Dada mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa amelaza godoro chini. Nilifika pale saa mbili usiku, godoro liko nje limeegemezwa ukutani, yeye hasemi kitu, ananiangalia tu. Viroba tukavitoa usiku huo huo na mtaro ukaanza kutiririka tena, na ile picha tuliyotuma asubuhi ikabidi tuifute kwa maelezo.

Yule dada mamlaka walimlipa godoro na wakasafisha vyumba kwa dawa. Sikusikia mtu akimwomba radhi, na mi pia sikumwomba, nilikuwa na aibu.

Amri yenye tarehe

Baada ya hapo tukakaa upya na uamuzi ukawa tofauti. Faini kubwa ya mkupuo iliwekwa pembeni. Sababu ilijadiliwa sana na sio wote walikubali: mamlaka ni ya umma, faini yake itatoka kwenye hela zilezile za pampu, mwishowe analipa mteja. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba sheria ya 2004 ina kanuni ya mchafuzi kulipa, na mwenye kiwanda angefanya hivi asingebembelezwa. Mi naona hoja zote mbili zina uzito, ila ile ya kwanza ndo ilishinda, na ikashinda kwa masharti. Ikaandikwa amri ya marekebisho yenye hatua na tarehe: pampu ya pili kwanza, halafu kuziba lile bomba kwa zege, halafu kamera ipite ndani ya bomba kuu, halafu ukarabati. Kila hatua ina jina la mtu anayesaini, na tarehe ikipita bila kazi ndo faini inaanza kuhesabika kwa siku.

Na wakati tunasubiri, mamlaka walete maji safi kwa boza bondeni kwa bei ya kioski. Hiki kipengele mwenyekiti ndo alikilazimisha, sisi wataalamu tulikuwa tumekisahau.

Pampu ilichukua miezi kama mitatu kuja na kufungwa. Siku lile bomba la inchi 6 linazibwa, mzee fundi aliomba azibe mwenyewe. Alivyomaliza akachora tarehe na msumari kwenye zege likiwa bichi.

Kamera ilichoona

Pampu mbili zilipoanza kuvuta, kina kwenye bomba kuu kikashuka na kamera ikaweza kupita. Paa la bomba lilikuwa limeliwa. Hii inatokea hivi: majitaka yakisimama muda mrefu yanaoza bila hewa, yanatoa ile gesi, gesi inapanda inakaa juu kwenye paa lenye unyevu, na pale kuna bakteria wanaoigeuza kuwa asidi ya salfa, asidi inakula zege kutoka juu. Chini bomba zima, juu kama biskuti iliyolowa. Kwa maneno mengine pampu iliyoungua miaka ile haikuleta mtaro mchafu tu, ilisimamisha maji, na maji yaliyosimama yakala bomba.

Viungio kadhaa vilikuwa vimeachia. Bomba likiwa limejaa mpaka shingo, majitaka yanasukumwa nje kupitia viungio hivyo kuingia mchangani, na bondeni kote ni mchanga, visima viko hatua chache. Halafu masika ikija na maji ya ardhini yakipanda, tundu hilohilo linafanya kinyume, linaingiza maji ndani ya bomba, pampu zinazidiwa, mabwawa yanapata maji mengi kuliko uwezo. Kwa hiyo anayesema "mbona masika halivuji" anaangalia tundu lilelile likiwa linanywa badala ya kutapika.

Sehemu mbaya zaidi ilichimbwa ikawekwa bomba jipya la plastiki. Iliyobaki iko kwenye bajeti, na mnajua maana ya kuwa kwenye bajeti.

Matokeo, mazuri na yale mengine

Kiangazi kilichofuata mtaro ulikauka. Mwenyekiti alinitumia picha, mbuzi wamelala ndani ya mtaro. Kwenye kituo cha pampu liliwekwa boya linalotuma meseji maji yakipanda kuliko kawaida. Na mwenyekiti akapewa kazi ndogo yenye posho ndogo: kila Jumatatu ambayo haijanyesha apige picha kalvati.

Masika ikaja. Usiku mmoja pampu zote mbili zikasimama, moja imekabwa na pampasi na matambara, nyingine umeme ulikatika na jenereta haikuwa na dizeli. Boya likafanya kazi yake sawasawa, likatuma meseji. Meseji ikaenda kwenye simu ya mtu aliyekuwa likizo kijijini kwao na hakukuwa na mtandao. Chemba ikafurika barabarani mpaka asubuhi. Siku hizi meseji inaenda kwa namba 3 na moja ni ya mlinzi wa kituo ambaye yuko hatua 20 kutoka kwenye pampu, na sijui kwanini hatukuanza na yeye.

Visima sasa. Viwili kati ya 6 viliacha povu na majibu yakashuka, sio mpaka sifuri. Vinne havikubadilika. Tulipokwenda kupima umbali kwa futi kamba, vyote vinne vina choo cha shimo ndani ya mita 12 au pungufu, cha mwenye nyumba mwenyewe au cha jirani, wakati ushauri wa kawaida ni mita 30. Nitrati yao ilikuwa inatoka pale kabla hata ya bomba, na baada ya bomba.

Kilichofanya kazi na kilichotuangusha

Ndoo ya saa tisa usiku ilikuwa na thamani kuliko ripoti zetu zote za robo mwaka, na sisemi hivi kwa kudharau maabara. Mtaro wa mvua ukiwa na maji wakati hakuna mvua, hilo ni swali tayari, na saa ambayo yanapungua inakwambia yanatoka kwa nani. Haihitaji leseni wala mtaalamu. Ningekuwa naanza upya ningeipita mitaro yote ya mji huo mwezi wa tisa kabla sijashika chupa moja.

Kuweka rangi kabla ya faini nako kulituokoa. Ile orodha ya nyumba za kupigwa faini naifikiria mara nyingine, ilikuwa na nyumba ya yule dada wa godoro.

Kilichotuangusha kikubwa ni kupima mwisho wa bomba na kudhani tunapima mtandao. Na hapa tusidhani ni ushamba wetu. Uingereza, kampuni moja ya maji ya kusini ilipigwa faini ya pauni milioni 90 mwaka 2021 kwa kumwaga majitaka ghafi kwa miaka, na wenyewe ndo waliokuwa wanajipima na kutuma taarifa kwa mdhibiti. Baadaye kampuni za maji za huko zikafunga vipima-muda kwenye matundu yote ya England ya kumwagia majitaka mvua ikizidi, kufikia mwisho wa 2023, na idadi ya kumwaga iliyohesabiwa mwaka ule peke yake ilipita mara 460,000. Kwa hiyo kipimo hakizibi tundu, ila angalau sasa wanagombana juu ya namba badala ya kugombana kama tundu lipo. Kwetu bado tuko kwenye ramani: lile bomba halikuwepo kwenye karatasi yoyote, lilikuwa kwenye kichwa cha mzee mmoja anayestaafu. Tulimkalisha siku mbili na ramani na soda, akatuonyesha mengine 3 ya aina ileile sehemu nyingine za mji. Angekuwa ameshaondoka tungeyatafuta kwa rangi, moja moja.

Na mdhibiti akitaka kujua kama mtandao unavuja aache kuuliza idadi ya chemba zilizozibuliwa. Aombe daftari la saa ambazo kila pampu imefanya kazi. Pampu ikifanya kazi saa 24 bila kupumzika maana yake imezidiwa na mzigo unatoka mahali, na ikifanya kazi saa 4 tu kwenye mji wenye watu wale basi mzigo hauifikii kabisa. Pale kituoni daftari lilikuwepo, limeandikwa vizuri na mlinzi kila siku kwa kalamu ya bluu, miaka, na ofisini hakuna aliyewahi kulifungua.

Kosa la Alhamisi nimeshalieleza. Nikiongeza kitu ni kwamba injinia alikuwa sahihi na hatukumsikia kwa sababu siku mbili kabla ilikuwa imeonekana amekosea kuhusu kutapisha, tukachukulia anajitetea.

Lililobaki ni la visima. Tulipokuwa tunahangaika na bomba tuliwaambia watu wa mtaa kwenye mkutano, kwa kipaza sauti, kwamba maji ya visima yanaharibiwa na lile bomba na likizibwa yatatengemaa. Tuliamini hivyo. Bomba likazibwa, boza likaacha kuja kwa sababu amri ilisema mpaka bomba lizibwe, na wenye vile visima vinne wakarudi kutumia kama zamani, kwa maneno yetu wenyewe. Nilirudi kwa yule mama wa ndoo ya povu, kisima chake ni kimoja kati ya vile viwili, povu hakuna. Jirani yake ana kimoja kati ya vile vinne. Nikamweleza huyo jirani kuhusu choo na mita 12, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, si mlisema mmeshaziba?"

Kioski cha maji kimewekwa mwaka huu, juu ya kilima kidogo, na kikiwa na maji foleni inaanza alfajiri. Choo cha yule jirani bado kiko palepale, na kisima pia.